Neno Lililozaliwa Ujingani

Yako maneno ambayo mtu huyatumia kila siku kama atumiavyo mlango wa nyumba yake: hupita akitoka, hupita akirudi, wala haulizi nani aliyeuchonga au mti wake ulikatwa msitu gani. Neno "nice" la Kiingereza ni mlango wa namna hiyo. Wewe msomaji umelijua tangu ulipokuwa shule ya msingi. Chai yenye sukari ya kutosha ni "nice," viatu vipya ni "nice," na mwalimu asiyetoa kazi nyingi Ijumaa ni "nice" kuliko wote. Kwa kuwa neno hili ni jepesi mdomoni, twalidhania kuwa ni jepesi pia katika maana. Mimi nililidhania hivyo mpaka siku liliponiaibisha mbele ya darasa, na aibu ile ndiyo iliyonituma kuandika insha hii.

Nilikuwa mwanachuo wa ualimu, nimepelekwa katika shule moja ya sekondari kufanya mazoezi ya kufundisha. Tulikuwa tukisoma Romeo and Juliet, tamthilia ya William Shakespeare iliyochapishwa mara ya kwanza mwaka 1597. Yamkini wakijua kisa chake. Padre Laurence amempa Juliet dawa ya usingizi mzito unaofanana na kifo, kisha amemwandikia Romeo barua ya kumweleza kuwa mkewe yu hai na ataamka. Barua hiyo alikabidhiwa mtawa mwingine, Padre John. Lakini Padre John alishukiwa kuwa amekuwa katika nyumba yenye ugonjwa wa tauni, akafungiwa ndani, na barua haikufika. Laurence apatapo habari hiyo hushikwa na hofu kuu, na katika kusikitika kwake husema kuwa barua ile haikuwa "nice."

Nikasimama na chaki mkononi, nikaeleza kwa sauti ya mtu ajuaye, "Maana yake barua ile haikuwa nzuri. Ilikuwa na habari mbaya."

Mvulana mmoja aliyeketi nyuma aliinua mkono. "Samahani, Mwalimu," akasema. "Kama barua ilikuwa na habari mbaya, mbona Padre anasikitika kwamba haikufika? Si ilikuwa na habari njema, kwamba Juliet yu hai?"

Swali lake lilikuwa na nguvu ya hoja, na jibu langu lilikuwa na nguvu ya cheo. Nilimwambia akae, asipoteze wakati wa wenzake. Akakaa. Hakuinua mkono tena siku ile, na wenzake pia hawakuinua.

Jioni nilikwenda maktaba ya chuo, nikafungua kamusi kubwa ya Kiingereza ambayo hueleza maana za maneno kwa zama zake. Humo nilikuta kwamba katika siku za Shakespeare neno "nice" liliweza kuwa na maana ya jambo dogo lisilo na uzito. Padre Laurence alikuwa akisema kuwa barua ile haikuwa upuuzi. Ilibeba jambo kubwa la kufa na kupona. Mvulana yule hakuijua maana hiyo, lakini alitambua kwamba maana niliyoitoa mimi haiwezi kukaa mahali pale. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nilipozidi kusoma katika kamusi ile, niliona kwamba neno lenyewe lilikuwa limekwisha nihukumu, kwa maana "nice" ya kwanza kabisa ilikuwa ni sifa ya mtu asiyejua.

Tulifuate basi tangu mwanzo wake. Walatini walikuwa na neno "nescius," yaani asiyejua. Sehemu yake ya kwanza hukanusha, na sehemu ya pili yatokana na kitenzi cha kujua, kitenzi kile kile kilichozaa neno "science." Hivyo "science" na "nice" ni ndugu wa ukoo mmoja, mmoja akirithi kujua na mwingine akirithi kutojua. Neno lilipita katika Kifaransa cha kale, likawa "nice," kwa maana ya mpumbavu. Mwaka 1066 Wanormani waliishinda Uingereza, na kwa muda mrefu baada ya ushindi huo Kifaransa kilikuwa lugha ya wakuu na ya mahakama. Maneno mengi sana ya Kifaransa yakahamia katika Kiingereza, na yapata mwaka 1300 "nice" ilikuwa miongoni mwa wahamiaji hao. Mshairi Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, alipomwita mtu "nice" hakuwa akimsifu. Alikuwa akimwita mjinga.

Imekuwaje basi tusi likageuka kuwa sifa? Usidhani kwamba neno hili lilipanda kama mtu apandaye ngazi, akiacha kidato kimoja kabla ya kukanyaga kingine. Maana zake kadhaa ziliishi pamoja kwa karne nyingi, kama babu, mwana na mjukuu katika boma moja. Lakini twaweza kuuona uhusiano wao. Mjinga hujishughulisha na mambo madogo. Hivyo neno likaweza kutajia mambo madogo yenyewe, kama barua ya Padre Laurence ambavyo haikuwa. Mtu ashikaye mambo madogo huwa mchaguzi: chakula hiki hakitaki, nguo ile haimfai, kiti kile kina vumbi. Neno likawa jina la uchaguzi wa kupita kiasi. Lakini mfikirie sonara apimaye dhahabu, au fundi wa nguo apapasaye uzi kwa ncha za vidole. Yeye naye hushika mambo madogo, na sisi twamheshimu kwa ajili hiyo. Tabia ni moja. Ikitazamwa kwa dharau huitwa uchaguzi, na ikitazamwa kwa heshima huitwa makini. Kwa njia hiyo "nice" ikapata maana ya usahihi na uangalifu, na Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mashuhuri mjini London mwaka 1755, maana ya usahihi ndiyo aliyoitanguliza.

Maana hiyo haijafa. Mwanasheria wa leo akisema kwa Kiingereza kuwa tofauti baina ya mashauri mawili ni "nice," hasemi kwamba inapendeza. Asema kwamba ni nyembamba kama unywele, na kuiona kwataka jicho kali.

Hatua ya mwisho haikuwa ndefu. Mtu mwenye uchaguzi huchagua vitu bora, na kitu kimpendezacho mtu mgumu wa kupendezwa hapana shaka ni kizuri. Jina la mchaguzi likahamia kwa kilichochaguliwa. Katika karne ya 18 Waingereza wakaanza kusema "nice" kwa kila kipendezacho, nasi tumerithi mazoea yao.

Njiani neno hili lilipishana na jingine lililokuwa likielekea upande wa pili. Neno "silly," ambalo leo ni mjinga, katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya mtu mwenye heri, aliyebarikiwa. Na ndugu yake wa Kijerumani, "selig," angali na heri yake mpaka leo. Mwenye heri akawa asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akawa dhaifu, na dhaifu wa akili akawa mjinga. Moja lilitoka ujingani likafika kwenye wema, na la pili lilitoka kwenye heri likaishia ujingani. Tazama jinsi nasaba isivyotosha kuamua hali ya neno, kama isivyotosha kuamua hali ya mtu.

Si wote waliofurahia mageuzi hayo. Jane Austen, mwandishi wa riwaya aliyefariki Julai 1817, aliandika kitabu kiitwacho Northanger Abbey, kilichotoka mwishoni mwa mwaka huo huo. Ndani yake Catherine Morland, msichana mbichi wa mambo ya dunia, yuko matembezini karibu na mji wa Bath pamoja na Henry Tilney na dada yake Eleanor. Catherine akisifu kitabu cha hadithi akipendacho, akakiita "nice" kuliko vyote. Henry akamchokoza. Akajifanya kuelewa kwamba msichana asifu unadhifu wa kitabu, akasema kuwa jambo hilo lategemea jalada lake. Kisha akalidhihaki neno lenyewe kuwa limekuwa la kila kitu, la siku, la matembezi na la wasichana pia, ilhali huenda hapo asili lilitumika kwa unadhifu na adabu tu.

Wasomaji wengi humcheka Catherine mahali hapo. Mimi nadhani tumtazame Henry. Yeye amkosoa msichana kwa kuiacha asili ya neno, kumbe asili yenyewe haijui. Kama neno lapaswa kubaki katika maana yake ya kwanza, kwa nini turudi nyuma mpaka kwenye unadhifu kisha tusimame hapo? Na tuendelee mpaka ujingani, na hapo sifa ya Henry itageuka kuwa tusi. Mwandishi naye hakumwacha bila jibu. Amempa Eleanor neno lile lile, na Eleanor alitumia katika maana ya uchaguzi wa kupita kiasi, akamwonya kaka yake kwamba hilo analo zaidi kuliko busara. Henry aliufundisha usahihi wa neno. Dada yake aliutumia. Hivyo mwenye kushinda shindano hilo ni yule aliyesema machache.

Zaidi ya miaka 100 baadaye, mwaka 1926, H. W. Fowler alitoa kitabu chake kikubwa cha matumizi ya Kiingereza. Yeye naye alilalamika kwamba "nice" imeharibika, na lawama akawatupia wanawake, kwamba wamelipenda neno mno mpaka likaishiwa nguvu. Nadhani hakumsikiliza Eleanor. Mwanamke aliyebuniwa na mwanamke alikuwa ameonyesha zamani kwamba neno hilo lingali na makali, mradi lishikwe na mtu ajuaye kulishika.

Huenda ukasema, "Mambo hayo ni ya Waingereza, sisi yatuhusu nini?" Sikiliza basi Kiswahili chako. Mtumba ulikuwa ni robota la bidhaa, mzigo aliobeba mpagazi wa msafara; leo mitumba ni nguo zilizokwisha valiwa na wengine, kwa kuwa huletwa zimefungwa marobota. Na neno "poa" je? Zamani mtoto akimwambia mama kwamba uji umepoa, mama aliurudisha motoni. Leo akimwambia kwamba uji ni poa, mama atatabasamu na kumwongeza. Siku zijazo mwanafunzi atakayesoma kitabu cha zamani na kukuta homa imepoa asije akadhani kwamba homa ile ilikuwa nzuri!

Sasa nikuambie jambo ambalo walimu wengi hawapendi kulikiri. Katika insha za Kiingereza za wanafunzi wangu mimi pia hupiga mstari mwekundu chini ya "nice." Zamani nilipiga nikiamini kwamba ni neno bovu. Siku hizi napiga kwa sababu nyingine. Mwanafunzi akiandika kwamba alikwenda Mombasa na bahari ilikuwa "nice," mimi sioni bahari. Sioni rangi ya maji, sisikii mawimbi, wala sijui kama aliogopa au alifurahi. Neno halina kosa. Limetumwa kufanya kazi ambayo mwandishi mwenyewe aliikwepa. Na "poa" hutumwa hivyo hivyo. Kubadilika kwa maneno hakuzuiliki, wala si dhambi. Uvivu wa kuyatumia bila kutazama ndio unaozuilika, na huo ni wetu, si wa maneno.

Somo lililofuata nilirudi katika darasa lile. Nilisema mbele ya wote kwamba mwenzao aliuliza sawa nami nilijibu vibaya, nikaeleza maana ya barua ya Padre. Mvulana yule alitazama dawati lake kwa haya. Kisha akainua mkono polepole, kama mtu apimaye kina cha maji kwa mguu. "Mwalimu," akauliza, "kama maneno hugeuka hivyo, sisi tutajuaje maana katika kitabu cha zamani?"

Nilimjibu kwamba yeye alikwisha onyesha njia. Alitazama nani asemaye, asema nini, na kwa nini asikitika; maana ilipogongana na mambo hayo, hakuyalazimisha mambo yaifuate. Kamusi ilikuja baadaye kuthibitisha shaka yake. Nawe msomaji, ukikutana na neno ulijualo katika kitabu cha kale, na sentensi ikakataa kukaa sawa, usiseme upesi kwamba mwandishi amekosea, wala usinyamaze kwa kuona haya. Inua mkono. Na ukiambiwa ukae, kaa kwa adabu, kisha uende ukafungue kamusi.