Mende Hakupiga Kura

Katika The Cockroach (2019), Ian McEwan anamwamsha mende ndani ya mwili wa Waziri Mkuu wa Uingereza. Sera yake? Pesa zirudi kinyumenyume: mfanyakazi alipe ndiyo afanye kazi. Nilicheka sana. Halafu nikaboeka. Kwani wale asilimia 52 waliochagua kutoka Umoja wa Ulaya mwaka 2016 wako wapi? Kitabuni ni umati tu, umedanganywa basi. Sasa mtu ukishamchukulia hivyo, utamrudishia vipi swali lililowagawanya Waingereza hadi 2019: umeshayaona masharti ya kutoka, bado unataka? Anayeweza kubadili mawazo ni mwenye mawazo. McEwan amewapa mende akili, wananchi akawanyima.