Weldimeshi juu, waya wa kuku chini

Lile banda la mfano pale chini ya Uluguru, ambalo wanakikundi wote mlitembezwa, lilishindwa kabla kuku wa kwanza hajaingia. Lilishindwa siku fundi alipoambiwa afunge weldimeshi kwenye madirisha ya juu, kisha upande wa chini, kuanzia ardhini hadi kiunoni, azungushe waya wa kuku.

Adui anaanzia wapi? Kicheche, nyegere, mbwa na panya wote huanza kazi chini, pale ukuta unapokutana na udongo. Huko ndiko tulikoweka waya mwembamba wa kusokotwa, tena mbele ya matetea wanaolala sakafuni na vifaranga wao. Waya ule ulitengenezwa kumzuia kuku asitoke. Mbwa huurarua kwa meno, unyevu na mbolea huuozesha kwa kutu, na matundu yake hupitisha mkono wa kanu bila taabu. Ndiyo maana asubuhi moja tulikuta miili ya kuku ndani ya banda na vichwa havipo. Kanu hakuingia, alivuta kilichokaa karibu. Aliyeingia ni mnyama mwingine, kwenye kona ya nyuma, aliyechimba kidogo tu, kwa sababu waya uliishia juu ya udongo.

Nimeambiwa sababu ni bei. Bei ipi, na roli zilikuwa zile zile? Weldimeshi ya nusu inchi ingeshushwa chini, ikakunjwa kuelekea nje na kulazwa juu ya ardhi kama futi mbili, ikafukiwa kwa udongo na mawe. Mnyama huchimba akiwa ameugusa ukuta. Akikutana na chuma chini ya kucha zake, ni nadra arudi nyuma hatua mbili aanze upya. Madirisha ya juu yangetoshwa na waya wa kuku na mbao za kushushwa usiku, maana kanu hupanda. Weldimeshi iliwekwa juu kwa kuwa juu ndiko mgeni anakotazama anapopiga picha.

Mengine ya banda hayana kasoro: vichanja viko sawa, paa halivuji, na chanjo ya mdondo ilitolewa kwa wakati.

Nimelisema hili miaka yote na nitalirudia: tuliharakisha mno kukiacha kizimba cha nguzo. Bibi zetu walikiinua hadi usawa wa kifua, sakafu ya fito, kila mguu umevishwa bati kama miguu ya ghala ili panya na kicheche wateleze. Magharibi ikiingia, mlango ulikuwa umeshafungwa kwa ubao na jiwe. Asiye na kizimba alilaza kuku jikoni. Mchana vifaranga walikaa chini ya tenga mpaka mwewe asiweze kuwabeba, na mama mwenye nyumba aliutambua mlio wa tetea anayemwona mwewe angani na ule wa tetea aliyekutana na nyoka majanini. Semina zetu za ufugaji hazifundishi hata kimoja kati ya hivi. Zinagawa michoro ya mabanda ya nchi zisizo na kanu wala nyegere.

Sasa nasikia wapo wanaotaka kutega nyama yenye sumu. Nawasihi waache. Furadan iliua simba na tai Kenya hadi mtengenezaji wake akaanza kuinunua tena kutoka madukani mwaka 2009, na nyama ya kutega haichagui: ataila mbwa wa jirani kabla ya kicheche. Tena ukimuua kanu wa leo, kona ya nyuma inabaki wazi kwa mwingine.

Weldimeshi ya madirishani ifunguliwe wiki hii na ishushwe, tukianza na kona ya nyuma, kabla masika hayajalainisha udongo. Matetea wenye vifaranga walale jikoni kwa mtunza banda hadi kazi iishe.