Barua za Mufalme Afonso wa Kongo

Padri Louis Jadin na Mireille Dicorato walikusanya barua hizi, zikachapwa Bruxelles mwaka 1974. Wako watu wanaopenda barua za wafalme kwa ajili ya mukono uliotiwa chini tu. Wengine walikata karatasi, wakatupa maneno. Hasara gani! Ndugu, someni ile ya 6 Julai 1526 kwa João III wa Portugali: wafanya biashara wanakamata watu kila siku, hata jamaa za mufalme. Yeye anaomba mapadri, waalimu, divai na unga wa Misa, basi. Kumbe aliyeandika ni João Teixeira! Hata hivyo, kilio ni cha Afonso. Lakini tusimufanye mutakatifu upesi: barua ya Oktoba mwaka ule haikatazi utumwa, inaweka watu watatu wa kuchungua kama anayeuzwa ni mutumwa kweli ao mutu huru.