Mbavu za Ugenini, Jiko la Mkaa

Mapishi mengi ya mbavu fupi za ng'ombe yanayotufikia kwenye simu kutoka Marekani huanza na amri: washa oveni, nyuzi 325. Hizo ni Fahrenheit, yaani kama 163 za Selsiasi, na mwenye jiko la mkaa ana kila haki ya kuizima simu akabandika maharage. Mpishi hodari haizimi. Anasoma upya, na kila kilichoandikwa anakihoji: wewe humu umeletwa kufanya kazi gani? Akipata jibu, anatafuta nyumbani kwake nani anaiweza kazi hiyo. Ufundi huu nauheshimu kuliko hata ule wa kubuni chakula kipya.

Kazi ya oveni ni kuizungushia sufuria joto la upole pande zote. Wapikao wali wa nazi na kupalia makaa juu ya kifuniko wanalijua jambo hilo tangu utotoni. Sufuria nzito, moto uliofifia chini, makaa machache juu, kifuniko kinachobana: oveni imepatikana.

Saa ndizo za kutoaminiwa. Mapishi yanasema saa 3, lakini mwandishi wake alikuwa na ng'ombe aliyenoneshwa kwa nafaka. Zebu wetu amekula majani na kutembea kuyafuata. Nyama ya mbavu imeshikwa na kolajeni, kitu kigumu kinachoyeyuka kuwa gelatini nyama ikipita nyuzi 70 hivi, tena polepole mno. Halafu kuna mwinuko. Nairobi iko mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka yakiwa nyuzi 94 au 95, wakati Mombasa huchemka yakifika 100. Mbavu zilizoiva Mombasa kwa saa 3 bado zitamsumbua meno mla wa Nairobi. Saa ya ukutani haifai kitu hapa. Chomeka kisu, na nyama ikiuachia mfupa bila kubembelezwa, ipua. (Presha kuka hufupisha kungoja, lakini mchuzi hubaki mwepesi, itabidi uukaushe baadaye sufuria ikiwa wazi.)

Mvinyo mwekundu ndio huwatisha wengi, na kwa Waislamu swali halipo kabisa. Ulikuja kufanya nini? Kuleta uchachu unaokata mafuta, utamu wa tunda kwa mbali, na rangi. Ukwaju unayaweza yote matatu, ila usiupime kwa kipimo cha mvinyo. Wapo wanaomimina chupa nzima ya mililita 750. Ukwaju wa kiasi hicho ungekunja uso wa ukoo mzima. Donge dogo, liloweke, lichuje, kisha mahali pengine pote pajazwe na supu ya mifupa na nyanya zilizokaangwa mpaka zitoe mafuta. Atakayesema hicho si chakula kile, mwache aseme. Ni kingine, na ni kitamu.

Sehemu moja usiiguse: kukaanga kabla ya kutia maji. Mkemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza mwaka 1912 jinsi sukari na asidi amino zinavyobadilika pamoja kwenye joto, na kutoka humo ndipo rangi ya kahawia na harufu ya nyama iliyokaangwa vinapopatikana. Maji hayavuki nyuzi 100, kwa hiyo nyama iliyolowa inachemka tu. Ikaushe kwa kitambaa, weka vipande vichache vichache. Mpishi wa pilau, anayesimamia vitunguu vyake mpaka vikolee, hahitaji kuelezwa mara mbili.

Wakorea wana njia nyingine kabisa, na hapa kazi inaanzia buchani. Galbi, yaani mbavu zao, za kuchoma mara nyingi hukatwa vipande vyembamba vinavyopita katikati ya mifupa, kwa hiyo mwombe mwenye bucha atumie msumeno. Panga na gogo vitakuachia vigae vya mfupa. Nyama hulowekwa kwenye sosi ya soya, sukari, vitunguu saumu na peasi ya Kikorea, tunda lenye vimeng'enya vinavyolainisha nyama. Peasi hiyo huipati Kariakoo, lakini papai bichi limejaa sokoni, na wachoma mishikaki wanalitumia kwa kazi hiyohiyo. Kuna tofauti moja: papai ni kali zaidi. Kwa vipande vyembamba namna hiyo, nusu saa inatosha. Ukivilaza nalo usiku kucha, asubuhi utakuta uji wenye mifupa.