Bao na Udadisi wa Mhandisi wa Programu

Litajwapo neno mhandisi, mawazo yetu hukimbilia madaraja, barabara na mitambo. Lakini miongoni mwa wahandisi wa siku hizi wamo wasioshika nyundo wala saruji. Kazi yao ni kuandika amri ambazo kompyuta itazifuata moja baada ya moja, na amri hizo zikikusanywa huitwa programu. Mtu wa kazi hiyo huishi kwa udadisi. Aonapo jambo lolote linalokwenda kwa utaratibu, hujiuliza ni kanuni gani iliendeshayo, na kanuni hiyo ingeandikwaje hata chombo kisicho na akili kiweze kuifuata. Katika makala haya twakusudia kuutazama mchezo wa bao kwa jicho hilo, na kuuliza kwa nini shule zetu zimeuacha nje ya mlango wa darasa.

Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Mchezo uanzapo, kila mchezaji huwa na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Kwanza hunamua, yaani huingiza kete za mkononi moja moja. Zikiisha, huingia katika mtaji. Kete zinazotekwa hazitoki mchezoni, bali hupandwa upande wa mtekaji, hata jumla ikabaki ileile 64 mpaka mwisho. Mwenye kupanda kete, ya mwisho ikimwangukia katika shimo lenye kete, huzichota akaendelea. Ikianguka katika shimo tupu, hulala, na zamu huwa ya mwenzake.

Hebu msomaji alitazame neno hilo, kulala. Ndani yake mna mambo mawili ambayo mwanafunzi wa programu husumbuka nayo majuma kadhaa: tendo linalorudiwa, na sharti la kulikomesha. Tazama pia shimo liitwalo nyumba. Kete ya mwisho ya mtekaji ikiishia humo wakati wa kunamua, huweza kusimama, au kuisafirisha nyumba yake na kuendelea. Hapo kanuni yenyewe imeacha nafasi ya uamuzi, na mwandishi wa programu hana budi kuionyesha nafasi hiyo waziwazi.

Wako wanaosema kwa fahari kwamba bao ni kompyuta ya mababu zetu. Hatukubaliani nao. Sifa ya namna hiyo huliziba swali kabla halijaulizwa. Mchezaji hodari hubeba kanuni kichwani, na nyingine hajapata kuzitamka maishani mwake, kwa kuwa wote walioketi barazani wanazijua. Mashine haikuketi barazani. Yataka kuambiwa kila kitu. Je, ikiwa kete zitazunguka wala zisilale kamwe? Waliolichunguza bao kwa hesabu wameonyesha kwamba mzunguko usio na mwisho wawezekana. Wachezaji watacheka na kupatana. Mashine itapanda kete hadi umeme ukatike, isipokuwa mwenye kuiandikia amri awe ameliwaza jambo hilo kabla.

Uchunguzi huo umefanywa kwa sehemu kubwa na wageni. Mholanzi Alex de Voogt alikaa na mabingwa wa bao wa Zanzibar, na mwaka 1995 akatoa tasnifu juu ya umahiri wao katika Chuo Kikuu cha Leiden. Baadaye wataalamu wa kompyuta wa Maastricht waliandika programu ya kulicheza bao. Hatuwaonei wivu, walidadisi, wakapata. Ila twaona haya kidogo tukumbukapo ni mara ngapi mwanafunzi wa hapa amefukuzwa penye bao akaambiwa akasome hisabati.

Na tumtazame mwanafunzi wa Endasak, wilayani Hanang. Huenda nyumbani anasema Kiiraqw au Kidatooga. Shule ya msingi amefundishwa kwa Kiswahili, na sekondari hukabidhiwa sayansi kwa Kiingereza. Katika kuvuka huko mara mbili, udadisi ndio unaodondoka njiani, kwa sababu maswali ya mtoto huja kwa lugha anayochezea. Twajua istilahi zipo. Kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia ilitolewa na TUKI tangu mwaka 1990. Lakini istilahi hazilingani kwa ubora. Pakua ni neno zuri mno: limetoka jikoni na bandarini, na yeyote aliyeona chungu au jahazi hulielewa. Tarakilishi, neno lipendwalo na baadhi ya wenzetu wa Kenya, limeunganishwa kwa ustadi wa karatasini, na watu wengi wameendelea kusema kompyuta. Kitanzi, linalotumiwa kwa amri zinazorudiwa, limefuata picha ya Kiingereza. Kitanzi hunasa, hakina mahali pa kulala. Sisi tungelichukua neno la bao.

Atakuja mtu aseme kwamba bao la Kiswahili ni la pwani, na watu wa Hanang wana mambo yao. Ni kweli, na hilo laongeza kazi. Wairaqw wana slufay, maombi ya kishairi ambamo mzee huongoza na walioketi humwitikia. Mhandisi wetu angeuliza: kiitikio hubadilika lini? Ni nini kinachowaambia waitikiaji kwamba sasa ndiyo zamu yao, ni neno, ni sauti, au ni kituo cha pumzi? Sisi washairi wa vina na mizani tulipaswa kuuliza hayo zamani, maana yatuhusu kuliko yanavyomhusu yeye.

Mwalimu asiye na kompyuta aweza kuanza na mashimo 32 yaliyochimbwa ardhini na vijiwe 64. Mwanafunzi mmoja aandike kanuni zote za bao kwa Kiswahili. Mwingine, asiyelijua bao kabisa, azifuate neno kwa neno bila kuuliza, na wa tatu aandike kila mahali alipokwama.