Vazi la Gunia na Vazi la Aibu: Dhihaka ya Jirani katika Zaburi ya 35 na Usomaji Wake Kasulu na Kibondo

Uhakiki wa Zaburi za kuomba hukumu dhidi ya adui mara nyingi huanzia kwenye Zaburi ya 137, ambamo mdhihaki ni mgeni mwenye nguvu: Mbabeli anayemtaka mateka amwimbie. Zaburi ya 35 ina jeraha tofauti. Mdhihaki wake ni jirani. Jirani huyo alipougua, mwombaji alivaa gunia na kufunga (aya ya 13–14). Mwombaji alipojikwaa, jirani alifurahi (aya ya 15). Ndipo katika aya ya 26 anaombewa avikwe aibu. Taswira ya vazi ndiyo inayoliunganisha shairi: vazi la huruma halikurudishwa, na aibu inachukua nafasi yake.

Tofauti hii ina uzito Kasulu na Kibondo, wilaya zilikojengwa kambi za Nyarugusu, iliyoanzishwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Nduta, iliyofunguliwa tena mwaka 2015 kwa ajili ya Warundi. Kwa msomaji aliyekimbia machafuko yaliyowagawa majirani, ombi la aya ya 26 laweza kugeuka kibali cha kisasi. Aidha, mwombaji anayetaja wema wake aweza kuonekana anasimanga. Matini inazuia tafsiri zote mbili: wema unatajwa mbele ya Mungu, si mbele ya jirani, na hukumu inaachwa mikononi mwa Mungu (aya ya 24). Hivyo, kuisoma aya ya 26 bila aya ya 13 ni kuondoa maombolezo na kubakiza laana.