Okestra Hupimwa Ikinong'ona

Ratiba ya msimu wa ukumbi wa Symphony Hall wa Boston ikitoka, wengi hukimbilia kuangalia jina la mpiga piano au mpiga fidla mgeni. Mjuzi hutafuta kitu kingine: kazi ambazo wanamuziki hawana pa kujificha. Watu themanini wakipiga kwa nguvu zao zote watautikisa ukumbi wowote ule. Habari za debe tupu wahenga walishazimaliza. Kazi ipo pale watu hao themanini wanapotakiwa kunong'ona kwa pamoja.

Ila kabla ya okestra upimwe ukumbi, kwa sababu nao ni ala. Huu wa Boston ulifunguliwa Oktoba 1900, na hutajwa pamoja na Musikverein wa Vienna na Concertgebouw wa Amsterdam kila wanapozungumziwa kumbi zenye sauti bora duniani. Una umbo la kisanduku cha viatu: mrefu, mwembamba, dari iko juu. Hesabu za sauti alizifanya Wallace Clement Sabine, mwalimu kijana wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1895 alikuwa amekabidhiwa ukumbi wa mihadhara ambamo neno lilielea hewani zaidi ya sekunde tano, hata mhadhiri akawa anagombana na maneno yake mwenyewe. Usiku, Sabine na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka jumba jingine la chuo, wakaipanga, wakalipuliza bomba la kinanda, wakashika saa na kusubiri mpaka sauti ife. Kazi ikiisha, mito ilirudishwa ilikotoka. Kutokana na mito hiyo ikapatikana kanuni ambayo wasanifu wa kumbi wanaitumia mpaka leo. Symphony Hall ukijaa watu, sauti hudumu kidogo chini ya sekunde mbili.

Namna ya kuisikia ni rahisi. Okestra inapokata ghafla baada ya mlio mkubwa, mkia wa sauti unatakiwa ufifie taratibu kama moshi wa udi chumbani, usirudi kama ukelele wa pangoni. Safu za mbele kabisa si mahali pa kufanyia hukumu hiyo, kwani huko fidla za karibu humeza filimbi na klarineti zilizo nyuma yake. Roshani ya juu huchanganya sauti vizuri zaidi, na kwa kawaida tiketi zake ni nafuu.

Baada ya ukumbi, sikiliza ala zinavyolinganishwa sauti kabla ya muziki kuanza. Obo, ambayo mwanzi wake wa ndimi mbili unaifanya ndugu wa zumari ya pwani yetu, ndiyo hutoa noti ambayo wengine wote huifuata. Aliyelelewa na taarab hapati ugeni hapo. Anajua jinsi fidla moja iliyopotoka kidogo inavyochoma sikio ikipanda sambamba na ala ya kanuni. Okestra nzuri hulimaliza jambo hili haraka, kisha hunyamaza.

Mtihani bora ulizaliwa kwenye ukumbi huohuo. Tarehe 1 Desemba 1944, Serge Koussevitzky aliongoza hapo onyesho la kwanza la Concerto for Orchestra ya Béla Bartók, Mhungaria aliyekuwa mgonjwa na akiishi uhamishoni Marekani. Sehemu ya pili hufunguliwa na ngoma ndogo peke yake, sauti kavu kama vidole juu ya meza. Kisha ala huingia mbilimbili: basuni, obo, klarineti, filimbi, mwisho tarumbeta zilizozibwa midomo. Kila jozi ina umbali wake kati ya sauti ya juu na ya chini, na haiuachii. Tarumbeta ndizo zenye kibarua kigumu zaidi, maana noti zao zimebanana kabisa na zinasuguana. Msuguano huo ukipigwa sawasawa una ukali wa ndimu kwenye mchuzi. Ukikosewa, ni mchuzi uliochacha tu. Msikilizaji aangalie mabega ya hao wawili: je, wanavuta pumzi pamoja, au mmoja anamfukuzia mwenzake?

Kwa ala za nyuzi, sehemu ya tatu ya Simfoni ya Nne ya Tchaikovsky inatosha. Wote huziweka kando pinde na kudonoa nyuzi kwa vidole, mwanzo hadi mwisho. Ikiwa kila mdono unasikika kama mmoja, hiyo ni okestra. Ikiwa unasikika kama choroko zilizomwagika kwenye sinia, mazoezi hayakutosha. Macho yaende kwa waliokaa nyuma kabisa. Vinara wa mbele ni hodari karibu kila mahali.

Na yule anayesimama mbele? Tusimwite kondakta, wa daladala wasije wakadai haki yao. Kiongozi wa okestra hapimwi kwa jasho wala kwa nywele zinazorukaruka. Kiongozi mahiri hutumia mkono wa kushoto kupunguza zaidi kuliko kuongeza, na wanamuziki humtazama hata pale asipofanya lolote. Jina la mtunzi nalo lisimdanganye mtu. Juu ya jukwaa la Boston limeandikwa jina moja tu, Beethoven, na hata simfoni zake huharibiwa zikipigwa kwa mazoea.

Ratiba ikiwa na Simfoni ya Sita ya Tchaikovsky, iliyosikika mara ya kwanza Saint Petersburg mwaka 1893, siku tisa kabla ya kifo chake, inafaa kuliwekea fedha tamasha hilo. Sehemu ya tatu huisha kwa kishindo, na mara nyingi kuna wanaodhani mambo yameisha wakapiga makofi. Kiongozi aliyewashika wasikilizaji wake huingia sehemu ya mwisho kabla makofi hayajaota mizizi. Huko muziki hushuka na kushuka, mpaka zinabaki selo na besi peke yake, pinde zikisogea polepole kiasi kwamba wa roshani hana hakika kama bado anasikia au anaona tu. Mkono wa kiongozi ungali juu, na hakuna anayekohoa.